Shangazi aliniagiza mwani wa Wasini

Simu ililia saa mbili usiku, na aliyekuwa upande wa pili hakuwa na nafasi ya salamu ndefu. Alikuwa binamu yangu wa Webuye.

"Wewe si uko huko Mombasa?" akauliza. "Basi fanya hima uende mahali panaitwa Wasini. Tumeambiwa baharini huko kuna mwani unaotibu kansa ya koo. Wataalamu walikwisha kuupima. Mletee shangazi hata chupa mbili."

Shangazi yangu alianza kukabwa na ugali wakati wa Krismasi. Baada ya ugali ikawa wali, na kufikia Pasaka hata ndizi iliyopondwa ilikuwa inapita kwa shida. Madaktari waliingiza kamera kooni, wakatoa kipande kidogo cha nyama, na jibu lililorudi ni lile ambalo nyumba nyingi za Magharibi na Bonde la Ufa zimewahi kulisikia: saratani ya umio, yaani ile njia ya chakula itokayo kooni hadi tumboni. Alikuwa amepangiwa siku ya kurudi hospitali. Binamu akanieleza, sasa kwa sauti ya chini, kwamba shangazi amesema siku hiyo ingojee kwanza mwani ufike.

Hilo ndilo lililonitoa kitandani. Mtu akitaka kunywa maji ya mwarobaini baada ya kutoka hospitali, hayo ni yake. Lakini kuahirisha hospitali kwa sababu ya chupa ambayo mimi ndiye nitakayeijaza! Nikaona ni heri niende nikajionee kwa macho yangu, ili nitakapomjibu nimjibu kama mtu aliyefika.

Wasini si mbali. Ukivuka Likoni kwa feri unashika barabara ya Lunga Lunga, unapita Ukunda, Msambweni na Ramisi, halafu pale Kanana unaiacha lami kuu na kukata kushoto kuelekea Shimoni. Matatu niliyopanda ilikuwa na magunia ya mkaa, kuku wawili na kijana mmoja aliyelala begani mwangu tangu Ukunda bila kuniomba ruhusa. Shimoni ni mji mdogo uliopewa jina na mapango yake, ambamo husimuliwa kwamba watumwa walifungwa wakingoja majahazi. Ukisimama gatini unakiona kisiwa mbele yako, chembamba na kirefu, kama mtu aliyelala chali majini.

Nilivuka kwa mashua yenye mashine. Nahodha wangu alikuwa mzee wa makamo, mwenyeji wa kisiwa, mwenye Kiswahili chenye lafudhi ya Kivumba ambayo sisi wa bara tunaweza kuisikiliza siku nzima bila kuchoka. Nilimwamkia, naye baada ya kuitikia marahaba akaniuliza kama nimekuja kuwaona pomboo wa Kisite kama wageni wengine. Nilipomwambia nimefuata mwani, alinitazama kwanza, kisha akapunguza mashine ili nisikie vizuri. "Mwani wa kuuza au mwani wa dawa?" akauliza. Kumbe sikuwa wa kwanza.

Kisiwani hakuna motokaa hata moja. Njia ni za miguu, nyumba nyingi ni za mawe ya matumbawe, na maji ya kunywa ni yale ya mvua yanayokingwa kwenye paa na kuhifadhiwa, kwa kuwa visima vitamu havipo. Kijiji cha Wasini kiko upande mmoja na Mkwiro upande mwingine. Nyuma ya kijiji kuna bustani ya matumbawe ya kale, miamba iliyosimama kama vinyago, na kina mama wa hapo wamejenga daraja la mbao la kupitia juu yake ambalo mgeni hulipa kiingilio kulitembea. Maji ya bamvua yakijaa huingia mpaka chini ya mbao hizo. Yakipwa, unabaki unatazama kaa wakikimbizana kwenye tope.

Sisi tulingoja maji yapwe.

Sasa, ndugu msomaji, niseme jambo moja kabla hatujashuka ufuoni. Habari aliyoisikia binamu haikuwa ya uongo. Nilikuwa nimeitafuta ripoti yenyewe kabla ya safari. Mwaka 2003 jarida la kisayansi la Journal of Natural Products lilichapisha kazi ya Michael Davies-Coleman, Thomas Dzeha na wenzao, kuhusu kitu walichokipata katika kiumbe wa baharini kilichokusanywa hapa hapa Wasini. Kitu hicho kilikuwa kipya kabisa, hakijawahi kuandikwa popote, nao wakakiita homodolastatini 16. Walipokijaribu maabara dhidi ya seli za saratani ya umio na seli za saratani ya mlango wa kizazi, kilizidhuru. Umio na mlango wa kizazi! Ukiwauliza Wakenya wataje saratani zilizowaachia makaburi nyumbani, hizo mbili hazitakosekana. Mtu akisoma mistari hiyo tu na kufunga kitabu, anaweza kupanda matatu ya Kanana mbio.

Ila kiumbe huyo si mwani. Jina lake katika ripoti ni Lyngbya majuscula, na ukoo wake ni bakteria. Wanaitwa sayanobakteria, bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama majani ya miti yanavyofanya. Ni wazee wa dunia hii. Wataalamu wanatuambia kwamba hao ndio walioanza kuijaza hewa oksijeni, zaidi ya miaka bilioni mbili iliyopita, wakati ambapo hakukuwa na mti wala samaki. Bakteria mmoja mmoja haonekani kwa macho, lakini hawa wa Lyngbya hujipanga mmoja nyuma ya mwingine wakafanya uzi, na nyuzi zikisongamana huwa kishungi unachoweza kukikamata mkononi. Wazungu huviita vishungi hivyo nywele za nguva.

Nahodha alinionyesha. Tuliacha ndara zetu kwenye mwamba tukakanyaga maji ya vifundoni, yeye akitangulia na mimi nikiangalia nisikanyage fuu. Kati ya majani ya bahari na vipande vya matumbawe yaliyokufa kulikuwa na vishungi vya rangi ya kahawia iliyoiva, vikipepea polepole kila maji yalipovuta. Kwa hakika vilikuwa kama nywele zilizong'olewa kwenye chanuo. Sina hadubini, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba kila kishungi nilichokiona kilikuwa Lyngbya. Kuna wengine wanaofanana nao sana. Niliinama nikanyosha mkono. Nahodha akaushika.

"Mwanangu, hiyo huwasha," akasema. "Usiguse kisha ukajipangusa macho."

Nilichokijua kitabuni, yeye alikijua kwenye ngozi. Mwaka 1958, katika fukwe za kisiwa cha Oahu huko Hawaii, watu wengi waliokwenda kuogelea walitoka majini wakiwa na mwasho na malengelenge, hasa sehemu zilizobanwa na nguo za kuogelea. Ilipochunguzwa ikaonekana ni Lyngbya. Baadaye wanakemia, akiwemo Richard Moore wa Chuo Kikuu cha Hawaii, walitoa humo sumu zilizosababisha madhara hayo, na mojawapo ikatangazwa mwaka 1979 kwa jina la lingbyatoksini A. Jambo la kutisha ni hili: sumu hiyo, ikipakwa kwenye ngozi ya panya wa maabara, huchochea uvimbe wa saratani ukue. Rudia kulisoma hilo, msomaji. Kiumbe yuleyule anayeweza kutoa kitu cha kuua seli za saratani anaweza pia kutoa kitu cha kuzistawisha. Kishungi kimoja kitakuwa na nini na nini, jicho haliwezi kukuambia. Na mimi nilikuwa nimekuja na chupa mbili za plastiki mkobani.

Nikarudi mwambani nikaketi. Nahodha akatoa tambuu yake, nami nikaanza kumweleza kwa nini wataalamu wanahangaika na uchafu huu unaowasha.

Chukua mfano wa shanga. Miili yetu hutengeneza protini kwa kutunga shanga ndogo ziitwazo asidi amino, moja baada ya nyingine. Uzi mrefu wa shanga hizo ni protini, uzi mfupi ni peptidi. Binadamu, mbuzi na mhindi hutumia zile shanga ishirini au zaidi kidogo, tena kwa kuzitunga kwa fundo la aina moja. Sayanobakteria wa baharini hawakujifunga na utaratibu huo. Wana vimeng'enya vyao maalumu vinavyofanya kazi kama mafundi kwenye meza moja ndefu, kila fundi akiongeza ushanga wake, na baadhi ya shanga hizo hazimo kabisa katika kapu letu. Mwishowe mara nyingi huunganisha ncha mbili wakafanya kipete. Homodolastatini 16 ni kipete cha namna hiyo. Kwa nini wajisumbue hivyo? Mtu asiyeweza kukimbia wala kupigana lazima awe na silaha nyingine. Hawa wameketi juani, laini kama ute, samaki wanapita. Sumu ndiyo ngome yao.

Kuna mnyama mmoja, hata hivyo, ambaye ngome hiyo haimzuii. Ni konokono mnene wa baharini asiye na kombe la kujifichia, mwenye pembe mbili kichwani zinazofanana na masikio, na akikasirishwa hutoa wino wa zambarau. Wataalamu humwita Dolabella auricularia. Nilipomweleza nahodha umbo lake alicheka akasema amewaona mara nyingi na hakujua kama wana kazi yoyote duniani. Warumi wa kale waliandika kwamba jamii ya konokono hao ni sumu. Mapema katika miaka ya 1970 mwanakemia wa Marekani, George Pettit wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, aliwakusanya kutoka Mauritius, ndani ya bahari yetu hii hii, akaona maji yaliyokamuliwa kwao yanawasaidia panya wenye saratani. Ikamchukua miaka karibu 15 kukipata kitu chenyewe. Zaidi ya kilo 1,000 za konokono zilitumika, na kilichopatikana hakikufika miligramu 30, kiasi ambacho ukikimwaga kwenye ukucha hukioni vizuri. Mwaka 1987 alitangaza umbo lake. Jina: dolastatini 10.

Na konokono mwenyewe, masikini, alikuwa amesingiziwa sifa. Mwaka 2001 watafiti waliokota sayanobakteria aitwaye Symploca huko Palau, katika bahari ya Pasifiki, wakaikuta dolastatini 10 ndani yake. Konokono alikuwa mlaji tu. Anawala bakteria hao, sumu inamkalia mwilini, naye anaitumia kujikinga na maadui. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa ndugu yake kitu cha Wasini. Dolastatini 16 ilipatikana kwanza kwa konokono wa Papua New Guinea, ikatangazwa mwaka 1997; mwaka 2002 ikaonekana katika Lyngbya wa Madagaska; na mwaka uliofuata ndipo Wasini ikatoa hii yenye nyongeza kidogo, kaboni moja na haidrojeni mbili zaidi, ambayo ndiyo iliyoipa lile "homo" la mwanzo.

"Sasa hiyo ya kwanza, ya Mauritius, ilikuwa dawa?" nahodha akauliza.

Hapo ndipo penye hadithi ambayo shangazi alipaswa kuisikia. Dolastatini 10 ina nguvu za ajabu. Seli inapotaka kugawanyika huhitaji vijiti vidogo vya kuvutia kila kitu mahali pake, na dolastatini huvizuia vijiti hivyo visijengeke, seli ikakwama na kufa. Walipowapa wagonjwa katika majaribio ya miaka ya 1990, haikufaa. Ilikuwa haijui kuchagua. Iliwaumiza wagonjwa bila kuwapa nafuu ya kutosha. Ingeweza kuishia hapo. Lakini wanakemia walitengeneza maabara mfano wake uliobadilishwa kidogo, wakaufunga kwenye kingamwili, ambayo ni kama tarishi anayejua nyumba ya kubisha. Tarishi anaibeba sumu imefungwa, anaitafuta seli ya saratani yenye alama anayoijua, anaingia nayo, na mzigo unafunguliwa ndani. Agosti mwaka 2011 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya namna hiyo iliyotokana na dolastatini, brentuximab vedotin, kwa wagonjwa wa limfoma ya Hodgkin na aina nyingine moja ya saratani ya tezi. Nyingine zilizobeba mzigo uleule zimefuata. Tangu konokono wa Mauritius hadi dripu ya mgonjwa, karibu miaka 40.

Kitu cha Wasini hakijafika huko. Nguvu yake kwenye seli, kwa maneno ya ripoti yenyewe, ilikuwa ya wastani. Na hata ingekuwa kali, kuua seli kwenye kichupa si ajabu; sabuni ya kufulia nayo huziua. Kazi ni kuiua seli mbaya ukamwacha shangazi. Homodolastatini 16 si dawa ya mtu yeyote mpaka leo, na iliyomo kwenye kishungi kimoja ni kidogo mno hivi kwamba watafiti huhitaji kukiloweka kwenye vimiminika vya kemikali, kukichuja na kukitenga hatua kwa hatua, ndipo wapate unga kidogo wa kupima. Kuchemsha chupa mbili za maji ya bahari kungempa shangazi chumvi, mchanga, na labda ile sumu ya Hawaii.

Kuna kitu kimoja kilichomfurahisha nahodha kuliko yote. Mwaka 2010 watafiti wa upande wa Singapore waliripoti kwamba dolastatini 16 huwazuia wale wadudu wenye magamba wanaoganda kwenye vyombo wasipate mahali pa kushika. Mzee alisimama. Kila baada ya muda yeye hupandisha mashua yake pwani, huisugua tumbo mpaka mikono itoke damu, kisha huipaka upya. Baba yake alitumia deheni, yeye anatumia rangi ya dukani, na rangi hiyo ni ghali. "Basi hiyo ndiyo dawa yangu mimi," akasema. "Ikipatikana, niletee chupa mbili."

Tulicheka, lakini akauliza swali ambalo nimerudi nalo. Kitu kikitoka Wasini kikawa mali huko nje, Wasini itapata nini? Jina la kisiwa limo kwenye jarida. Mfukoni hakuna lililoingia, kwa kuwa hata waliokigundua hawajapata bidhaa ya kuuza. Ila Wakenya tumeng'atwa na nyoka. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lililalamika kwamba vijidudu vilivyotolewa Ziwa Bogoria vimezaa vimeng'enya vinavyouzwa ng'ambo na sisi hatukupata kitu. Tangu mwaka 2006 tuna kanuni za sheria zinazomtaka mtafiti achukue kibali na kukubaliana na wenyewe jinsi ya kugawana faida. Kanuni ni nzuri. Kama mzee wa Mkwiro anazijua ni jambo jingine. Huyu wangu alikuwa anazisikia kwangu, na mimi si wakili.

Nikiwa njiani kurudi nilipita Kibuyuni, karibu na Shimoni, ambako kina mama hulima mwani wa kweli kwa kamba zilizofungwa kwenye vigingi. Mmoja wao alikuwa amejifunga leso mbili na soksi ndefu mpaka magotini. Nilidhani ni kwa ajili ya fuu. Akaniambia ni kwa ajili ya fuu pia, lakini zaidi ni kwa ajili ya hayo manyoya yanayozizonga kamba, maana ukiyang'oa kwa mkono mtupu usiku hulali. Hakujua kama yana jina.

Nilimpigia shangazi nikiwa gatini Shimoni, chupa zangu zote mbili zikiwa tupu. Nilimwamkia, nikamuuliza hali, nikajikohoza.

"Umeupata?" akauliza.

"Nimeuona, shangazi. Lakini sikuuchukua." Nikamweleza kadiri nilivyoweza, bila asidi amino wala Mauritius: kwamba walichokipata wataalamu ni mbegu ya dawa wala si dawa, kwamba mbegu nyingine ya namna hiyo ilichukua miaka 40, kwamba majani yenyewe yana sumu inayoweza kumwongezea uvimbe. Akanyamaza muda mrefu, nikasikia jogoo wa Webuye akiwika nyuma yake.

"Miaka arobaini," akasema mwishowe. "Mimi nina wiki mbili."

"Ndiyo maana, shangazi."

"Basi ile nauli ya kuuleta huo mwani, itume huku nipande gari la hospitali."

Nilituma kwa M-Pesa kabla mashua nyingine haijaondoka. Alikwenda siku aliyopangiwa. Walimwekea mrija wa matundu kwenye umio ili njia isizibe, na matibabu mengine yakaanza wiki iliyofuata. Nilipokwenda kumwona mwezi wa pili alikuwa anakunywa uji na supu, na ugomvi wake na binamu ulikuwa mmoja tu, chai. Miaka yote shangazi aliipenda ikiwa moto wa kuunguza ulimi, na sasa ameambiwa na daktari kwamba vinywaji vya moto sana vinashukiwa kuleta saratani ya umio. Mwaka 2016 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walitaja zaidi ya nyuzi 65. Binamu alikuwa ameiweka bakuli yake dirishani ipoe. Shangazi aliitazama, akaniambia nimsimulie tena habari za yule konokono.